Carte ya kuungua yenye iko ku musumari

Amani na Chance, wenye munabakia ku atelier, muliniomba niandike mambo yote ya kazi mbele niondoke. Yote hapana. Camion ya bwana yangu inapakia, na iko anapiga klaksoni kama vile mi njo mufuko ya mihogo yenye inakosa. Mambo ya mushahara sitaandika. Mambo ya nani alipanda cheo pia hapana: ku atelier yetu ya kutengeneza radio na machine cheo iko moja, ni kile kiti cha Papa Kasereka, na Papa Kasereka iko amekikalia.

Bantu banacheka nikisema naenda mu retraite, juu hata miaka makumi tatu sijafikisha. Mais kule Hombo hakuna atelier, nitauzisha mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Mwenye aliacha kazi, aliacha, hata kama iko na meno yake yote.

Siku ya kwanza nilifika na diplôme d'État yangu mu plastike, section électricité. Papa Kasereka hakuiangalia. Ni muntu wa kule Butembo, mukatoliki ya kweli, anasalia rozari na mukono moja na mu ule mwingine iko na pince, koleo ya waya. Alinionyesha meza na akasema: “Tia hii vitu zote mu mufuko, kisha utoke.”

Nikaanza kutia. Tournevis na tournevis, bisibisi zote pamoja, pince na pince, vile tulifundishwa.

“Umeshakufa,” Papa akasema.

“Gisi gani, Papa?”

“Risasi imeshafika ku kanisa, na weye ungali unapanga tournevis. Anza tena.”

Njo ilikuwa examen yangu ya kuingia. Nilipita mara ya ine, nilipokamata nguo ya meza na vyombo vyote ndani na nikatoka mbio. Ule mufuko ungali nyuma ya mulango, munaujua. Tumekimbia nao mara mingi kuliko tulivyoenda nao ku misa.

Vyombo vya Papa vilinichekesha ile wakati. Fer à souder yake, chuma ya kulehemu, haikukuwa ya courant, ya umeme: ni kipande cha shaba nyekundu ku mwisho wa chuma, unakilaza mu makala kama hindi la kuchoma, kinapata moto, unasoude. Nilimuuliza juu ya nini hanunue ya courant. Akanijibu: “Ya courant inangojaka courant.” Na badala ya multimètre, kale kamachine ka kupima courant, alikuwa na taa mbili alizifunga pamoja na waya. Unazigusisha ku prise ya ukuta. Zikiwa nyekundu, courant ni kidogo. Zikiwa na rangi ya chai, iko sawa. Zikiwa nyeupe, toa mukono na urudie nyuma. Mi niliyekuwa na diplôme niliona ile ni mambo ya zamani. Sasa mi pia niko nazo, mu sakosi yangu, hapa. Musizitafute.

Courant ya centre, muji wetu mudogo, inatokaka ku turbine kadogo ya Papa Bauma, ku muto nyuma ya soko. Papa Bauma ni mulimaji wa maharagi wa hapa hapa, hata babu yake alizikwa hapa. Turbine inazungusha moulin yake ya unga, na nguvu yenye inabakia inaenda ku manyumba. Haina kitu cha kuiongoza. Moulin ikisaga, courant inashuka. Moulin ikisimama, courant inapanda, ila usiku taa za manyumba zinaikula. Sisi wote tulijua ile. Tuliijua vile muntu anajua kama mvua inaloanisha: hakuna mwenye anatoka kuipima.

Nyuma ya atelier tulikuwa na makaburi ya stabilisateurs, vile visanduku bantu banawekaka mbele ya televizyo ili courant isiiunguze. Zenyewe njo zilikuwa zinaungua. Papa alikuwa anazipasua ku kutoa vipande. Hakuna mwenye alijiuliza zilikufaka siku gani. Mufu ni mufu.

Mwaka moja vita ilianza upande wa Walikale, ikakuja kwetu, ikarudia kule, kama muntu mwenye alisahau kitu ku nyumba. Bamama ba Kibua bakafika na batoto ku mugongo na kuku mu kitunga. Bakawekwa mu kambi, juu ya barabara ya Mweso. Mu kambi kuku haina maisha marefu: ao inaibiwa, ao mwenyewe anaikula mbele ya mwizi. Mama Neema, mwenye alikuwa anaongoza ile kikundi, akapata mawazo. Akabaambia: kuku zitatushinda, mais mayai tuyapeleke kwa Mama Masika.

Mama Masika ni mwenye duka ya chumvi na bitenge, pia wa kule Butembo. Alikuwa na couveuse: sanduku ya mbao na kioo yenye inalalia mayai pahali pa kuku. Ndani kuko résistance, waya ya kutoa moto, na carte, kale kabao ka nyaya zilizochorwa, yenye inaangalia joto. Ikipoa, carte inawasha. Ikipata moto sana, inazima. Ni kazi yenye kuku anaifanyaka bila carte tangu Mungu alimuumba, mais kuku analalia kumi na kidogo, na ile sanduku ilibeba mayai ya kikundi muzima.

Bamama walikuwa wameambiwa kama njia ya Kibua itafunguka ku mwisho wa mwezi. Mama Neema aliniambia mupango wake siku alileta mayai, kila moja amelifunga mu jani la ndizi: “Nitarudia na tutoto twa kuku mu kitunga. Nyumba bila kuku, mutoto wangu, ni kambi yenye iko na mabati.”

Mayai ikaingia Jumamosi moja, kisha ya salongo. Naandika hii juu ya mwenye atakuja kisha yenu na hatatoka hapa: salongo ni kazi ya wote. Jumamosi asubui kila muntu ku barabara na jembe yake, maduka imefungwa, moulin imefungwa, na mwenye hakufika atajieleza mbele ya Chef wa centre.

Jumamosi yenye ilifuata, Mama Masika akafika ku atelier na matope mpaka ku magoti.

“Papa Kasereka, imenuka tena!”

“Nini njo imenuka?”

“Machine! Natoka salongo, nafungua mulango, inanuka kama nywele zimeungua.”

“Tena” ni juu mwezi wenye ulipita carte ilikuwa imeungua na Papa alikuwa ameitengeneza. Tukaifungua. Pale courant inaingilia, nafasi ya kidole gumba ilikuwa imegeuka makala. Kale kapande ka buluu kenye kanalinda carte courant ikizidi kalikuwa kamepasuka kama haragi mu moto. Njia moja ya shaba ilikuwa imekatika. Bongo ya carte, upande ule mwingine, ilikuwa muzima.

“Inatengenezeka,” nikasema. “Leo leo. Nipe lame na waya.”

Papa akaigeuza, akainusa, akaiweka chini.

“Hapana.”

“Papa, angalia! Bongo iko muzima!”

“Naona. Mwezi wenye umepita ilikuwa muzima pia. Kitu yenye inaungua mara mbili nafasi moja, haiko inajiunguza. Kuko mwenye anaichoma. Unamujua?”

“Tutamutafuta kisha. Mayai haina muda.”

“Na ikiungua tena na mayai ndani? Hii mara iliungua ikazima. Mara nyingine itaungua ikishikamana, résistance haitazimika tena. Utamupa Mama Neema nini? Omelette?”

Hatukumuona Mama Neema. Alikuwa ku mulango, ametoka salongo pia, na jembe ku bega.

“Mi sikukimbia na omelette,” akasema. “Muko munabishana ya nini? Mayai iko inapoa.”

Kisha Papa akasema maneno yenye nataka mushike, juu kazi yetu yote iko ndani yake: “Kutengeneza ni kitu moja. Kuunganisha ni kitu ingine. Furaha huyu atatengeneza. Hakuna mwenye ataunganisha mpaka tujue ni nini iko inaichoma.”

“Na mayai?” Mama Neema akauliza.

“Mayai, Mama, mutalalia weye na benzako.”

Akamukaribia Papa. Nilifikiri atamupiga na jembe. Akasema tu: “Nipe bidons.”

Ile wiki couveuse ya Mama Masika ilifanya kazi na bamama. Bidons za manjano, maji ya moto ndani, zimevingirishwa mu bitenge, zikaingizwa ndani ya sanduku. Bamama bakapokezana muchana na usiku. Ku kujua joto, Mama Neema alikuwa anatwaa yai moja na kuliweka ku kope ya jicho. Thermomètre ya Mama Masika na jicho ya Mama Neema zilibishana ile wiki yote. Mara jicho ilishinda, mara thermomètre, na mara moja Mama Masika mwenyewe alishinda juu sanduku ni yake.

Mi nikatengeneza. Nikakuna kwanza makala yote na lame ya wembe, mpaka carte ikawa na tundu safi. Musiwahi kusoude juu ya makala: makala inapitisha courant, unafikiri umefunga jeraha na kumbe umefungia moto ndani. Kisha nikaruka lile tundu na waya ya radio mufu, nikatoa kapande kapya ka buluu mu makaburi ya stabilisateurs, nikabadirisha relais pia, kale kasanduku kenye kanafungua na kufunga courant. Ilikuwa kazi ya muzuri. Sioni haya kusema. Nikampelekea Papa.

Akaangalia kila kisoude na miwani yake yenye mukono moja.

“Ni muzuri,” akasema. “Itundike ku musumari.”

Nikaitundika na nguvu mpaka plâtre ya ukuta ikaanguka. Siku zenye zilifuata nilienda ku turbine, nilienda ku nguzo, niligusisha taa mbili za Papa ku prise ya Mama Masika asubui na jioni. Rangi ya chai, rangi ya chai, rangi ya chai. Nilimuambia Papa kama adui yake hayuko. Akajibu: “Basi iko mu safari.”

Jumamosi ikafika. Bamama ba kambi pia banafanyaka salongo, Chef hana mukimbizi mu mambo ya barabara. Akaruhusu muntu moja tu abakie na mayai. Nilibakia mi, juu mupini wa jembe yangu ulikuwa umevunjika, na juu kapita, musimamizi wa kazi ya Chef, alikuwa amechoka kubishana na mi.

Nilikuwa pale peke yangu, nabadirisha bidons. Kwanza niliona kama moulin imenyamaza. Kisha taa yenye ilikuwa juu ya kichwa changu, ya rangi ya chai siku zote, ikawa nyeupe. Kisha ikawa nyeupe ya kutisha. Niliona utando wa buibui mu kila pembe, mambo yenye Mama Masika hajui kama iko nayo. Kisha, pa! Kioo yote mu nywele yangu.

Nikasimama pale. Nikafikiri juu ya makaburi nyuma ya atelier. Moulin imefungwa, salon ya nywele imefungwa, soudeur ametoka na jembe, hakuna mwenye anakula courant, na turbine iko inazunguka na nguvu yake yote juu ya taa moja, na Jumamosi yenye ilipita juu ya sanduku moja ya mayai. Na hatukuonaka, juu wenye macho wote tulikuwa ku barabara tunachimba mufereji. Mi pia. Kila Jumamosi.

Nikaweka maji ya moto mupya mu bidons, nikafunga sanduku, nikakimbia.

Chef alikuwa anasimama juu ya mufereji, na Papa Kasereka ndani, na Papa Bauma kando yake. Kapita akapiga filimbi: “Weye! Mulinzi wa mayai! Umeacha poste!”

“Papa!” nikalia. “Ni salongo!”

“Tunaona kama ni salongo,” Papa akasema na jembe ku mukono.

“Hapana! Mwenye anachoma carte. Ni salongo!”

Nikaeleza. Nilieleza mbio, nikarudilia, na kioo ilikuwa inaanguka toka mu nywele yangu. Papa Kasereka akakaa chini mu matope. Akaanza kuhesabu ku vidole, na nilijua anahesabu stabilisateurs.

“Basi tuchomoe machine kila Jumamosi asubui,” Mama Masika akasema. “Imeisha.”

“Jumamosi yenye kuja njo siku ya kutoka,” Mama Neema akasema. “Ile siku hata kuku haiamukake juu ya mayai. Ukifungua, ukipozesha, tutoto tunakufia mu ganda.”

“Basi moulin isage,” nikasema. “Moulin ikisaga, courant inabakia chini. Chef, Papa Bauma asage Jumamosi.”

Papa Bauma akatoka mu mufereji mbio sana kwa muntu wa umri wake.

“Rudia ndani,” Chef akamuambia. “Salongo ni ya wote. Leo nitaacha mwenye moulin, kesho mwenye hôtel ataniambia bière pia inasaga.”

Watu bakacheka. Mama Neema hakucheka. Akatua jembe yake na akamukaribia. “Chef, radio yako yenye ilikufa, ilikufa siku gani?”

Chef akawaza. Muke wake, mwenye alikuwa upande mwingine wa barabara, akajibu bila kuinua kichwa: “Jumamosi. Na ile ya mbele yake pia, Jumamosi.”

Chef akaangalia mufereji. Akaangalia turbine, kule chini. Muntu mukubwa anahitaji muda ku kubadirisha mawazo mbele ya bantu, tukamupa.

“Papa Bauma,” akasema ku mwisho, “jembe yako ni moulin. Jumamosi asubui utasagia bazee na bagonjwa bila kubalipisha. Ile njo salongo yako. Na nikisikia moulin imenyamaza, nakutia mu mufereji na suti yako ya kanisa.”

Mpaka leo bazee banapelekaka mahindi Jumamosi. Vijana banafikiri ni mambo ya kanisa.

Ile jioni Papa akashusha carte ku musumari na akanipa. “Kazi ni yako. Unaunganisha ao hauunganishe?”

Mi, mwenye siku zote nilitaka kazi iwe imeisha jana, nilisikiliza kwanza. Moulin ilikuwa inasaga. Nikagusisha taa mbili: rangi ya chai. Njo nikaunganisha. Mama Neema akatoa bidons, akaweka yai ku kope ya jicho, akangoja. Akasema: “Inaweza.”

Jumamosi yenye ilifuata nilikaa ku mulango wa Mama Masika na masikio ku muto. Moulin haikunyamaza hata kidogo. Papa Bauma alikuwa anasaga mpaka maganda. Muchana Mama Masika akatoka nje, mukono ku mudomo, akanionyesha nikuje. Sanduku ilikuwa inalia. Si mayai yote ilitoka, ingine ilikuwa imekufa ile wiki ya bidons, tusidanganye. Mais vitunga vya bamama vilijaa. Njia ikafunguka, camion ikakuja, na Mama Neema akapanda na kitunga juu ya magoti, amefunika na kitenge, na alikuwa anamutukana chauffeur ku kila tundu ya barabara mbele hata ya kuifikia.

Pale mi nilifikiri imeisha. Papa akaenda kwa Mama Masika, akachomoa carte, akairudisha ku musumari.

“Papa, inafanya kazi!”

“Inafanya kazi juu Papa Bauma iko pale. Mayai haiko tena ndani. Juu ya nini ilale na courant?”

Nilimuita muoga, mu moyo. Wiki chache kisha, vita ikarudia, ile yenye ilikuwa imesahau kitu. Risasi ikafika ku kanisa kweli. Tukakamata mufuko, tukatoka. Papa Bauma naye akakimbia, na ni nani ataacha kukimbia ili afunge maji? Moulin ilinyamaza, turbine ikabakia inazunguka peke yake juu ya centre yenye haina muntu.

Tulipata kurudia wakati murefu kisha. Kila kitu chenye kilikuwa ku prise kilikuwa kimekufa: televizyo, friji ya hôtel, na radio ya Chef, ya tatu. Vyenye havikukuwa ku prise vilikuwa vimebebwa. Ku atelier bezi balikamata hata kiti. Ku ukuta kulibakia musumari, na juu yake carte, na tundu yake na waya yake ya radio. Inaonekana mubaya sana, hakuna mwizi mwenye ataitaka. Papa aliipanguza vumbi, kisha akaenda kutafuta kiti ingine.

Sanduku ya Mama Masika ilikuwa pale pia, tupu, na kiota cha panya ndani. Tulifagia panya. Moulin iliposaga tena, carte tukaiunganisha, ikawaka.

Nitapita Kibua na hii camion. Mama Neema alituma neno kama kuku yake iko na bajukuu, na kama nikipita bila kusimama, atatupia camion mawe.

Klaksoni tena. Amani, Chance: carte iko ku musumari, juu sasa hakuna mayai. Bamama bengine bakikuja na mayai mu majani ya ndizi, musiniige mi, musikimbie kuishusha. Tokeni kwanza ku mulango, musikilize upande wa muto. Kama moulin inasaga, unganisheni. Kama imenyamaza, muulize Mama kama iko na bidons.